Bomoa kwa Mkono wa Fundi

Mjukuu wangu, na ninyi wenzake mnaoijaza baraza yangu hapa Gihosha kila Jumamosi, sogeeni. Jana sikusema neno, kwa sababu mwenye hasira hashauriki. Leo mmetulia, nami nimetulia.

Niliyaona yote kutoka dirishani. Chombo chako cha anga cha vitofali vya kuchezea kilikuwa mezani, urefu wa mkono, mabawa mawili, pua imechongoka. Ukakitazama, ukaitazama simu yenye picha ya kile cha kwenye filamu, ukakirudia chako. Kisha ukakinyanyua ukakibamiza ukutani. Vitofali vikaruka kama bisi kwenye sufuria. Vingine viliingia mferejini, na mnajua mifereji ya huku kwetu: mvua ikipiga, kila kilichomo kinateremka mtoni, na mto unakwenda ziwani.

Sikukasirika kwa kuwa ulibomoa. Kubomoa ni nusu ya kazi hiyo. Kilichoniuma ni jinsi ulivyobomoa.

Nimekuwa makanika Buyenzi zaidi ya miaka thelathini. Kijana akija kujifunza, sikumpa injini aifunge. Nilimpa injini aifungue. Wala sikuitazama injini, nilitazama anaziweka wapi nati. Aliyezilaza juu ya kitambaa kwa mpangilio uleule zilivyotoka, huyo nilijua ni fundi hata kama hajui jina la kifaa kimoja. Aliyezimwaga zote kwenye beseni nilimpa kwanza kazi ya kuosha vyuma, mpaka aone kila nati ina mahali pake.

Sasa tuje kwenye vitofali vyenu. Shangazi yako aliuleta mfuko ule kutoka Brussels, vimechanganyika vya seti kumi tofauti, hakuna boksi, hakuna karatasi ya maelekezo. Ninyi mlisikitika. Mimi nilifurahi, maana karatasi ile ingewafundisha kutii tu. Chukueni vitofali sita vya rangi moja, vile vya vinundu vinane. Wataalamu wa hesabu wamepata njia 915,103,765 za kuviunganisha. Sita tu! Na ninyi mna mfuko mzima.

Lakini wingi wa njia unamchanganya asiyejipanga. Kwa hiyo anzeni kwa kupanga, na msipange kwa rangi, pangeni kwa umbo. Bawaba moja nyeusi ukiitupa katika rundo la vipande vyeusi, umeipoteza. Bawaba zote zikikaa kopo moja, jicho litaiona ile nyeusi mara moja.

Kisha, kabla ya kugusa kipande, ulizeni chombo hiki kina kazi gani. Siku moja nilikuuliza nani anaishi humo, ukasema roboti na watu wanane. Nikauliza wanapikia wapi, na mgonjwa wao atalala wapi. Mlicheka sana. Lakini mtu anayejua jiko liko wapi anajua pia moshi unatokea wapi, na hapo ameshapata umbo la upande mmoja wa chombo bila kuiga picha ya mtu.

Nikakuuliza tena: kinapaa kutoka wapi? Ukajibu, Marekani. Kwa nini Marekani? Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ya kwanza ya aina yake duniani. Iliitwa Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake. Walioirusha waliifuata Malindi kwa ajili ya ikweta: hapo dunia inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inabebwa na kasi hiyo bure. Basi fungueni ramani. Malindi na Bujumbura zote ziko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Msukumo ule na sisi tunao. Ila Malindi upande wa mashariki ni bahari, na mabaki ya roketi yakianguka yanaanguka majini. Sisi upande wa mashariki ni milima yenye mashamba na nyumba za watu. Mtafanyaje? Mkilitatua hilo kwa vitofali, mtakuwa mmebuni kitu ambacho filamu ile haijakiwaza.

Mkishajua kazi, jengeni mifupa kwanza, ngozi baadaye. Chombo chako cha jana kilikuwa ngozi tupu. Ndiyo maana mabawa yalilegea na pua ikainama. Na hapa nitawaonyesha siri niliyoigundua mwenyewe usiku, nilipokaa na vipande vyenu na kipimo changu cha chuma. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya jirani yake ni milimita 8. Kipande bapa, kile chembamba, ni milimita 3.2 kwenda juu. Pangeni bapa vitano: milimita 16. Vinundu viwili kwa upana: milimita 16. Mmeona? Bapa vitano vikisimama vinaenea kamili katika nafasi ya vinundu viwili. Maana yake hamlazimiki kujenga kwenda juu tu kama ukuta wa nyumba. Mnaweza kulaza kipande kwa ubavu na bado kikakaa bila mwanya, na ubavu wa chombo ukawa laini bila kinundu hata kimoja.

Hesabu hiyo haikuja kwa bahati. Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala wa Billund, Denmark, aliyeanza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Mwanawe Godtfred aliomba hataza ya kitofali chenye mirija ndani tarehe 28 Januari 1958, na kitofali cha mwaka huo kinashikana hadi leo na kilichotoka kiwandani jana. Vilivyomo mfukoni mwenu vimetoka nyumba mbalimbali na miaka mbalimbali, lakini vinaelewana kwa sababu kipimo hakikubadilishwa.

Ngozi nayo ina adabu yake. Waliotengeneza vyombo vya filamu ile unayoiiga, Star Wars ya 1977, walinunua seti za watoto za vifaru na manowari, wakang'oa vipande vidogovidogo na kuvibandika kwenye vyombo vyao mpaka vikaonekana vikubwa na vyenye mitambo. Kwa hiyo hicho unacholilia kukiiga kilitokana na vitu vya kuchezea vya watu wengine. Na msidhani jambo hili ni la Wazungu pekee. Filamu ya Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2021, kisa chake kiko Burundi, hapahapa kwetu, ingawa ilipigwa picha Rwanda. Mavazi na mandhari vilibuniwa na Cedric Mizero, Mnyarwanda, na humo nyaya na mabaki ya kompyuta yamegeuka mapambo ya watu wa kesho. Alitazama kinachotupwa jirani yake, si picha kwenye simu.

Sasa nirudi kwenye ukuta wangu, pale ulipokibamiza chombo chako, na jinsi fundi anavyobomoa.

Mnaijua meli ya Liemba. Wazee wetu waliipanda kwenda Kigoma, na mwaka 2015, nchi yetu ilipochafuka, ndiyo iliyowachukua ndugu zetu wengi waliokimbilia Kagunga, Tanzania. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Huko ikaunganishwa upya, ikashushwa ziwani Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata vita vikawageukia Wajerumani, ikabidi waizamishe wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Sikilizeni walichofanya wale mafundi. Kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi nzito. Walikuwa wameshindwa, wanakimbia, na bado waliona haya kuiacha injini ile iliwe na kutu. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba.

Hiyo ndiyo grisi ninayoitaka mikononi mwenu. Mimi nimeiona miaka ya vita baada ya 1993, mitaa ya mji huu ikibomolewa kwa hasira, na nimewaona watu wakirudi wasikute hata fremu ya mlango ya kuanzia. Kitu kilichobomolewa kwa hasira hakimwachii mjenzi chochote. Kilichofunguliwa kwa mkono wa fundi kinabaki akiba.

Kwa hiyo chombo kikikataa kufanana na unachokiwaza, fanya hivi. Kipige picha pande zote, hata zile mbaya, hasa zile mbaya. Anza na kipande ulichokiweka mwisho, urudi nyuma. Usitumie meno, meno yanaacha alama na kipande kilichoumwa hakishiki vizuri tena. Ukifika mahali ambapo umbo lilianza kupotoka utapajua, maana vipande vya hapo vinatoka kwa shida; vilikuwa vinalazimishwa. Hapo simama. Pengine chini yake kuna mifupa mizuri isiyostahili kufunguliwa.

Leo alfajiri, kabla hamjaamka, niliingia mferejini na fimbo yangu. Nimepata vipande kumi na tisa, na kioo kile cha buluu cha chumba cha rubani, kimekwaruzika kidogo. Nimeviosha, nimevipanga juu ya kitambaa changu cha zamani cha Buyenzi kwa namna nilivyoona vilikaa. Nadhani viwili nimevikosea. Leteni makopo, mkae, mnionyeshe ni vipi.