Ustadi wa Mkono na Dhamana Yake

Huenda mtu akauliza: kijana akizitwaa takataka walizozitupa wengine, akazitengeneza kwa mikono yake hata zikawa chombo chenye kufanya kazi, yafaa kumlaumu? Hakuiba, hakukopa, wala hakumwomba mtu. Mas-ala haya yataka kutazamwa kwa uadilifu, kwani ndani yake mna sifa na mna hatari.

Chombo tukikusudiacho ni sigara ya umeme. Hii ya kisasa ilibuniwa na Hon Lik, mfamasia wa China, mwaka 2003. Haichomi tumbaku, betri hupasha moto waya mwembamba, nao hugeuza maji yenye nikotini kuwa mvuke. Zilipofika Ulaya na Marekani, wako wavutaji walioziona dhaifu, wakajiundia zao kwa bomba la kurunzi, swichi, na seli zilizotolewa katika betri za kompyuta kuukuu. Huo ni ustadi, na sisi hatumo katika wanaoudharau. Watu wasiojua kufungua kitu na kukifunga watabaki wanunuzi daima.

Lakini tuitazame seli yenyewe. Ile itumikayo sana ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, na ikijaa hufikia volti 4.2. Ilipokuwa katika kompyuta ililindwa na kibao kidogo chenye kukata umeme unapozidi. Kijana aitoapo, kibao hukiacha nyuma. Kisha huiunga na waya wenye ukinzani wa omu 0.2. Gawanya 4.2 kwa 0.2, utapata ampea 21. Na seli nyingi za kompyuta hazikuundwa kutoa kiasi hicho. Joto likizidi, seli hupasuka. Mwezi wa Mei mwaka 2018, katika mji wa St. Petersburg huko Florida, mtu mmoja alikufa baada ya sigara yake ya umeme kulipuka.

Hapa ndipo penye shina la mas-ala. Aondoaye kinga iliyowekwa na fundi wa kwanza, kazi ya ile kinga imemwangukia yeye. Hawezi kusema, "Sikujua," kwani kujua ndiko alikojitwika alipoifungua betri. Sharia humtoza dhamana mwenye kutibu watu naye hajui utabibu, ijapokuwa nia yake ni njema. Afunguaye betri asiyejua hesabu yake hali yake ni mfano wa huyo, khasa akimuundia na mwenziwe.

Atasema, "Najidhuru nafsi yangu tu." Wapi! Moto ukiwaka chumbani hauchagui. Mama yake amelala ukuta wa pili. Wala nia njema haimtoshi achanganyaye maji ya kuvuta. Mwaka 2019 huko Marekani ulizuka ugonjwa wa mapafu, na kufikia Februari 2020 ulikuwa umeua watu 68. Sababu kubwa iliyoonekana ni mafuta ya vitamini E yaliyotiwa katika maji ya bangi. Vitamini hiyo tumboni ni chakula. Mapafuni ikawa mauti.

Tena wako wasemao kwamba mvuke huu wawaokoa na moshi wa tumbaku. Ni kweli kuwa pasipochomwa tumbaku sumu nyingi za moshi hupungua. Lakini nikotini ni ile ile imfungayo mvutaji, na asiyekuwa mvutaji hana anachookolewa nacho.

Basi, ewe msomaji, usimvunje moyo kijana mwenye mkono mwepesi. Muulize mambo matatu: wajua kipimo cha ulichokishika? Ni nani atakayeumia ukikosea? Na chombo hiki, kikifanya kazi sawasawa, chamfaa nani? Seli hiyo hiyo, ikiwa na kinga yake, huwasha taa ya mwanafunzi usiku kucha. Ustadi ni mmoja. Tofauti i katika matumizi yake, na katika kulipa dhamana kabla ya kudaiwa.