Anayefika Kwanza

Mlima unamuuliza nini mtu wa Kiongoroni? Huku kwenye delta ya Rufiji ardhi imelala karibu sawa na maji, na safari huamuliwa na kujaa na kupwa. Mke na mume wanaokwenda Nyamisati hungoja maji, hupanda mtumbwi mmoja, huyu mbele na yule nyuma, na hufika kwa wakati mmoja kwa sababu chombo hakifiki nusu. Nguvu za nani zilipungua njiani, mto hausemi. Kwa hiyo nimekuwa nikiwafikiria wawili wa namna nyingine: mke na mume wanaosafiri mbali kwa baiskeli, kila mmoja na yake, mpaka wakaikuta barabara inayovuka safu ya milima.

Wa zamani kati ya wanandoa wa namna hiyo ni Elizabeth na Joseph Pennell, Wamarekani walioishi London. Katika miaka ya 1880 walisafiri kwa chombo cha magurudumu matatu na viti viwili, wakaenda Canterbury, kisha wakatoka Florence hadi Roma. Mwaka 1898 kilitoka kitabu cha safari yao ya kuvuka milima ya Alps kwa baiskeli, mke akiwa mwandishi na mume mchoraji. Safari hiyo hawakukanyaga chombo kimoja tena. Ni nini kilichobadilika walipohama kutoka viti viwili hadi baiskeli mbili?

Jibu la haraka ni uhuru, na sio jibu dogo. Kwa mwanamke wa wakati ule, kupanda Alps kwa miguu yake mwenyewe juu ya baiskeli yake mwenyewe kulikuwa jambo zito. Lakini tuulize uhuru huo ni kitu gani hasa. Nauelewa kuwa uwezo wa kwenda kwa nguvu zako bila kuomba za mwingine. Ukiushika hivyo, unaona upande wake wa pili: mwenzako naye hahitaji zako, basi anaweza kukuacha. Kwenye tambarare jambo hili hufichika. Barabara ikianza kupanda, miili miwili inajitokeza kuwa miwili, hata kama ndoa yao imesifiwa miaka mingi kwamba imewafanya mmoja.

Kwetu baiskeli moja hubeba watu wawili. Mume hukanyaga pedali, mke huketi upande kwenye keria, na mtoto au kapu mapajani. Wakivuka Rufiji kwenda kusini, wakaiacha barabara kuu na kuelekea Kipatimu, vilima vya Matumbi huwakataa wakiwa wamepakiana. Wote hushuka. Mmoja anakokota baiskeli, mwingine anatembea ubavuni, na mazungumzo yaliyokuwa yakipotea kwenye upepo yanarudi. Kwa muda huo hakuna dereva wala abiria. Sisemi kwamba keria ni haki. Anayeketi nyuma hachagui pa kusimama wala pa kugeuzia. Ila mwinuko huo unawasawazisha wawili wa baiskeli moja, na mwinuko huo huo ndio unaowatenganisha wawili wa baiskeli mbili. Wa kwanza wanapewa usawa bila kuutafuta. Wa pili inawabidi wautengeneze wenyewe, na chombo cha kuutengenezea ni kungojana.

Tutazame kungoja, maana si kwa aina moja. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, wasafiri wa kusini walingoja kivuko Ndundu, na masika yakizidi walikwama. Daraja lile la karibu kilomita moja lilikufuta kungoja huko, na hakuna aliyekulilia. Kulikuwa kungoja kwa kukosa njia. Kungoja mtu ni kuwa na njia na nguvu za kuifuata, kisha ukaziweka kando kwa ajili yake. Mtu wa delta anajua vizuri kwamba bamvua halimngoji yeyote. Ukimwacha mwenzako bandarini unaweza kusema maji yalikuwa yanakatika, nasi tutakuelewa. Mlima upo palepale kesho. Anayemwacha mwenzake mlimani hana maji ya kusingizia.

Lakini nimezungumza kana kwamba anayengoja ndiye mwenye kazi yote. Yule wa nyuma je? Anainua macho, anamwona mwenzake ameketi kwenye kona ya juu, na anajua anatazamwa. Kungojwa kunaweza kuuma kuliko kuachwa, kwa sababu aliyeachwa hukasirika na hasira humpa nguvu, ila anayengojwa hujiona mzigo. Hapa ningependa kumtetea. Mzigo ni kitu kinachopunguza mwendo nacho si sehemu ya lengo la safari. Kama lengo lilikuwa wao wawili wavuke, basi wa nyuma amo ndani ya lengo lenyewe, na mwendo wake ndio mwendo wa safari. Akiwa mzigo kweli, ilikuwa safari ya mtu mmoja aliyepata wa kumsindikiza, na hilo lilikuwa kweli tangu nyumbani, kabla mlima haujaonekana.

Basi lini tunaweza kusema wamefika pale njia inapoacha kupanda? Wa kwanza akifika, amefika yeye. Wengi watajibu kwamba wamefika pale wa pili anapotokea, nami niliamini hivyo kwa muda, lakini haitoshi. Mara nyingi anayengoja hungoja mpaka mwenzake atokee, kisha husimama, hukung'uta vumbi na kushika usukani wateremke. Yeye ameshapumua, ameshakunywa maji, ameshaitazama nchi iliyo upande wa pili. Mwenzake hajaketi.