Mko Nazo Ngapi?

Kwenye chumba chetu cha vijana hapa Rumonge tuna kisanduku cha kuhifadhia mafaili. Kimeunganishwa na ruta, na mwenye neno la siri anaweza kukifungua kwa simu yake. Ndani kulikuwa na diski moja ya tera mbili, na nafasi ya pili ilikuwa tupu. Humo mna vyeti vya shule, picha za arusi, kadi za posho za kambini ambazo watu walileta tuzipige picha, na sauti za wazee thelathini na kitu wakisimulia mwaka 1972. Diski hiyo ikifa, vyote vimekwenda. Tukachanga, tukaagiza ya pili Bujumbura, na mimi ndiye nikapewa kazi ya kuiingiza.

Diski mpya inatakiwa iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Kisanduku kinaifuta kwanza, kinanakili ya zamani juu yake, halafu tangu hapo kila kitu kinaandikwa pande mbili. Hatari iko kwenye kuchagua: kuna mahali pa kuongeza diski kwenye hifadhi iliyopo, na kuna mahali pa kutengeneza hifadhi mpya. Ukikosea, ukagusa hapo pa pili na kuchagua diski zote, umefuta kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote nilinakili mafaili yote kwenye diski ya nje, nikafungua machache nione kama kweli yanafunguka, nikaipeleka diski hiyo kwa mwenzangu anayekaa mlimani. Ziwa limepanda miaka hii na limeingia kwenye nyumba za watu. Diski mbili katika kisanduku kimoja zitalowa pamoja. Tena hizo pacha, ukifuta faili upande huu linafutika na upande ule saa hiyo hiyo. Pacha inakulinda diski ikifa. Haikulindi na mkono wako mwenyewe.

Usiku ule umeme haukukatika, alhamdulillahi. Asubuhi nikawa natamba mtaani. Nikamwambia bibi mmoja jirani kwamba sauti yake sasa haipotei tena.

Hakufurahi. Akaniuliza: "Mjukuu wangu, mimi nilikupa moja. Sasa mko nazo ngapi?"

Bibi huyu alikimbilia Tanzania mwaka 1972, kama wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac. Aliporudi alikuta michikichi ya kwao inavunwa na watu wengine. Siku niliyomrekodi kesi ilikuwa haijaisha, na alitaja jina la jirani kwa maneno makali. Baadaye walipatanishwa, wakagawana shamba. Leo mtoto wa yule jirani ndiye anayemletea bibi dawa. Anataka maneno yale yaondoke.

Mimi ni mtoto wa Mtabila. Kambi ilipofungwa mwaka 2012 tulirudishwa, na ripoti zangu za shule zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki uliotoboka. Sitasahau karatasi zile zilivyoshikana. Nimekua nachukia kitu kupotea, basi nikabishana naye. Bibi, wajukuu watajuaje? Akanijibu, "Waje waniulize. Si niko hai?"

Tangu siku hiyo nawaza neno amana. Wazee walitufundisha: ukiwekewa mbuzi, mwenyewe akimtaka, unamrudisha. Ukishamrudisha, zizi lako ni tupu na kila mtu analiona. Lakini sauti naweza kukurudishia na bado nikabaki nayo, wala hutajua. Hapo uaminifu wangu hauonekani na mtu yeyote ila mimi. Na mimi nilidhani kuwa mwaminifu ni kutopoteza tu.

Siyo rahisi hivyo, najua. Katika masimulizi yale kuna kaka zake waliouawa, na hao si wa bibi peke yake. Kila mwenye hofu akifuta, 1972 itabaki uvumi. Ila yale maneno juu ya jirani ni yake, na jirani yuko hai. Kwangu mimi haki ya walio hai kukaa kwa amani inatangulia.

Ninyi wa mashirika mnaosoma jarida hili, mlipochukua alama za vidole na picha za macho yetu, tuliweka kidole mara moja. Siwalaumu, posho inahitaji orodha. Ila swali la bibi ni lenu pia, na sijawahi kusikia mtu akilijibu pale kwenye foleni.

Nilifuta faili mbele yake. Pande zote mbili, sekunde moja. Akanishukuru, akaenda zake. Sikumwambia kuhusu ile ya mlimani. Nilijiambia ni akiba, hakuna atakayeisikiliza. Siku mbili sikula vizuri, ya tatu nikaenda kwake nikasema.

Akacheka. "Nilijua. Mwoga kama wewe haweki vitu mahali pamoja."

Ameniambia niilete Jumamosi. Kabla sijafuta anataka kuisikiliza mara moja, pale anapotaja majina ya kaka zake.