Mpagazi Asiyeonekana

Mama mmoja wa ushirika wetu hapa Urambo aliona uvimbe katika titi lake. Alituambia sisi wazee wa kanisa kabla ya kumwambia daktari. Tulimwombea, tukamwambia avumilie. Hatukumkataza kwenda hospitali, lakini pia hatukumwambia aende. Akangoja mpaka tumbaku iuzwe, apate nauli. Alipofika kwa madaktari, saratani ilikuwa imeenea. Titi lilikatwa, kidonda kikachelewa kufunga, na baada ya miezi michache tulimzika.

Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza: je, kuitafuta dawa kwa bidii ni upungufu wa imani?

Swali hilo limezidi kuwa zito kwa kuwa siku hizi tunasikia habari za dawa ambazo jicho haliwezi kuona chembe zake. Wataalamu huzipima kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Dawa nyingi za saratani zikiingia mwilini hupita kila mahali. Huua seli mbaya, na njiani huumiza nzuri pia. Doksorubisini, kwa mfano, inaweza kudhuru moyo. Basi wataalamu wakaifunga katika vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 hivi. Mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi huvuja, na vifuko hivyo hupenya humo na kutua. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, kwanza kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye saratani ya Kaposi. Wengine sasa wanatafiti jeli ya kupakwa pale uvimbe ulipotolewa, ili chembe zake ziue seli za saratani zilizobaki, zizuie vijidudu na kusaidia kidonda kufunga. Sehemu kubwa ya kazi hiyo bado iko maabara.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya kigeni mno. Lakini Dk. Askwar Hilonga, Mtanzania wa Arusha, alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio la maji linalotumia elimu hiyohiyo ya nano. Na sisi Wanyamwezi tusishangae sana. Babu zetu walikuwa wapagazi, wakibeba mizigo kutoka huku hadi Bagamoyo. Mpagazi mwema alisifiwa kwa kufikisha mzigo mahali pake bila kuumwaga njiani. Chembe hizi nazo ni wapagazi.

Tunakumbuka pia Dk. Ebenezer Southon, mmisionari na tabibu aliyefika kwa Mtemi Mirambo mwaka 1879. Mwaka 1882 alipigwa risasi mkononi kwa ajali. Mkono ukakatwa, lakini hakupona, akafa hapahapa Urambo. Yeye mwenyewe alikuwa tabibu, na alikuwa mtu wa sala. Imani yake haikuwa pungufu. Kilichopungua ni maarifa na vifaa vya kulitibu jeraha lile mahali hapa, wakati ule.

Basi tunasema wazi: sala na dawa si wapinzani. Msamaria mwema alimwona majeruhi, akamfunga vidonda, akamimina mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni. Na katika Injili ya Marko, sura ya pili, watu wanne walimbeba mwenye kupooza, wakatoboa dari wamfikishe kwa Yesu. Bwana aliiona imani yao, na imani yao ilionekana katika kubeba.

Hapo ndipo sisi tulipokosa. Hata kama kesho dawa bora kuliko zote italetwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road kule Dar es Salaam, itajua njia ndani ya mwili tu. Haitajua njia ya kutoka Urambo. Haitamwondolea mama aibu ya kusema ana uvimbe titini, wala haitamlipia nauli kabla ya msimu wa tumbaku, zao ambalo lenyewe huleta saratani kwa wanaolivuta. Mzigo huo ni wetu.

Kwa hiyo tumekubaliana. Mtu akituletea habari ya uvimbe, tutamwombea siku hiyohiyo, na wiki hiyohiyo mmoja wetu atamsindikiza hospitali. Tumeanzisha mfuko wa nauli. Ni mdogo, na gharama za matibabu ni kubwa. Hatudai kwamba tumemaliza jambo.

Alfajiri ya Pasaka, sisi Wamoravian husimama makaburini kutangaza ufufuo. Mwaka huu tulisimama karibu na kaburi la mama yule. Tuliimba kama kawaida. Kisha tukamwomba Mungu atusamehe, kwa kuwa tulimwachia yeye peke yake mzigo uliokuwa wa mabega yetu.