Nani Kasema Mwisho Nane?

Fundi alifungua skrubu mbili chini ya laptopu yangu, akanyanyua kifuniko kidogo cha plastiki, akachomoa vipande viwili vya RAM kwa kucha. Kila kimoja kilikuwa cha GB 2. Akauliza nataka nini. Nikamwambia nimesoma kwenye karatasi za mtengenezaji kwamba mashine hii mwisho wake ni GB 8, kwa hiyo aniwekee nne na nne. Akanitazama kama mtu aliyevaa koti Kariakoo saa saba mchana.

"Nani kasema mwisho nane?"

"Waliotengeneza."

"Weka nane-nane, dogo. Itakubali."

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Mashine yenyewe ilikuwa ThinkPad X220, toleo la 2011, iliyonifikia baada ya kumaliza maisha yake ya kwanza katika ofisi ya watu fulani ng'ambo. Hela ya RAM ilitoka kwa mama, na mama hakuwa ametoa hela ya majaribio. Hata hivyo niliitikia, kwa sababu fundi alisema lile neno bila kuinua macho, kama mtu anayekutajia bei ya vocha.

Aliviweka vipande vipya, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Kikaendelea kubaki cheusi kwa muda uliotosha mimi kuanza kutunga nitakachomwambia mama. Kisha nembo ikatokea, mfumo ukawaka, na pale panapoandikwa kiasi cha kumbukumbu pakasomeka 16. Usiku ule sikulala vizuri. Niliiacha mashine ikiendesha Memtest86+, programu inayoandika mifumo ya tarakimu katika kila pembe ya kumbukumbu na kuisoma tena kuona kama kilichotoka ndicho kilichoingia. Asubuhi makosa yalikuwa sifuri.

Mshangao ulipopoa nilianza kukasirika. Kama mashine ilikuwa na uwezo wa 16 tangu siku ya kwanza, kwa nini iliandikwa 8?

Jibu la kiufundi ni fupi. Laptopu ile ina nafasi mbili za RAM. Mwaka 2011 kipande kilichokuwa kikipatikana kwa urahisi sokoni kilikuwa cha GB 4; mara mbili, nane. Vipande vya GB 8 vilienea baadaye. Kinachoamua mashine itaona kumbukumbu kiasi gani si boksi wala kitabu cha maelekezo, ni kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho katika kizazi kile kimo ndani ya prosesa yenyewe. Na Intel, waliotengeneza prosesa ya mashine yangu, waliandika katika karatasi zao kwamba inafika 16. Yaani kitu kimoja, karatasi mbili, mwisho mbili. Haikuwa laptopu hii peke yake. Apple waliandika nane kwa MacBook Pro za mwaka huohuo, na wenye nazo wakaweka 16 wakaendelea na kazi.

Sasa, waliosema nane walisema uongo?

Nimelibeba swali hili kwa miaka kadhaa, pengine kuliko linavyostahili, na kila nikilishika nagundua kwamba sentensi "upeo wa kumbukumbu ni GB 8" ina sentensi tatu ndani yake. Ya kwanza: mashine haiwezi kuzidi nane. Ya pili: sisi tumeijaribu mpaka nane. Ya tatu: ukizidisha nane, usitutafute. Ya pili ni habari ya mtengenezaji mwenyewe, alichofanya na asichofanya. Ya tatu ni habari ya mkataba. Ya kwanza peke yake ndiyo habari ya mashine. Na ya kwanza ndiyo ambayo kila mnunuzi anaisikia.

Kiswahili cha mafundi kimelitatua jambo hili vizuri kuliko karatasi. Kwa fundi mashine haina "upeo". Mashine inakubali au inakataa. Gari linakataa kuwaka, simu inagoma kuchaji, kioo kimekubali. Shahidi ni kitu chenyewe, na ushahidi wake unachukuliwa mezani, mbele yako.

Lakini siwezi kumlaumu sana mtengenezaji. Mtu anayeahidi kile tu alichokipima ni mtu mwaminifu. Wangapi tunaahidi mengi kuliko hayo. Ninachomlaumu ni neno. "Upeo" hauniambii kama nimefika kwenye ukuta au kwenye mstari wa chaki. Tena gharama ya kutokujua haimwangukii kila mtu sawasawa. Mmiliki wa kwanza, yule wa ofisini, mashine ikimwia ndogo atapewa nyingine. Mmiliki wa tatu, anayeishi Mbagala na anaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, ndiye atakayesoma "8" na kuamini kwamba mashine imekwisha. Mpaka uliandikwa kwa ajili ya yule wa kwanza na unakutana na huyu wa tatu, miaka saba baadaye, wakati kipande kinachoweza kumsaidia kiko dukani na karatasi bado inasema vilevile.

Najua msomaji umeshanitangulia. Umeshaona habari inaelekea kwa binadamu: mwalimu aliyekuambia fizikia huiwezi, mjomba aliyesema watoto wa kwetu hawafiki chuo. Nami nilielekea huko, nikarudi. Laptopu haisikii inachoambiwa. Ilikuwa na 16 ndani yake miaka yote ikiitwa nane, na kuitwa nane hakukuipunguzia kitu. Mtoto anayeitwa mzito anasikia, anajipanga kulingana na jina, na baada ya miaka mitatu kipimo kinatoa jibu linalofanana na jina. Mwanafalsafa wa Kanada, Ian Hacking, ameandika sana kuhusu mzunguko huu, jinsi tunavyowapanga watu katika makundi na watu nao wakabadilika kwa sababu ya kupangwa. Kwa hiyo tofauti kati ya ukuta na mstari wa chaki, ambayo kwa mashine fundi anaipata kwa dakika tano, kwa mtu huenda isipatikane tena kabisa, kwa kuwa aliyechora mstari ameshaanza kujenga. Niishie hapo. Nilichotaka kusimulia ni kibaya zaidi kwa upande wangu.

Wiki ile niliyopata 16 nilikuwa sishikiki. Hosteli nzima ilijua. Kulikuwa na mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, chumba cha tatu kutoka kwangu, aliyekuwa na laptopu nene ya mwaka 2006, iliyokuwa imekaa kabatini ofisini kwa baba yake mdogo mpaka yeye alipochaguliwa chuo. Ilikuwa na GB 2, moja na moja. Karatasi zake zilisema mwisho ni tatu. Alinifuata akaniuliza kwa adabu zote: "Kaka, na hii yangu vipi, ikiwekwa nne?"

Nikamwambia, "Hao huwa wanaandika tu. Weka mbili-mbili. Itakubali."

Neno lilelile.

Boom lilikuwa limetoka wiki hiyo. RAM za mashine kongwe, DDR2, ni adimu, na kitu kilichoadimika hakishuki bei hata kama kimepitwa na wakati. Alitoa elfu sabini kwa vipande viwili vya GB 2. Nilimsaidia kuviweka mwenyewe, nikiwa na bisibisi mkononi na mashabiki wawili kitandani. Mashine ikawaka bila shida. Ikaonyesha 3.

Tulivichomoa tukavifuta, tukavirudisha. Tatu. Tukabadilishana nafasi zake. Tatu. Nikasema labda ni mfumo wa uendeshaji, tuweke wa biti 64. Tukakesha tukiuweka. Asubuhi ikasema tatu.

Siku ya pili ndipo nilipokaa kusoma kitu nilichopaswa kusoma kabla ya kufungua mdomo. Chipu inayosimamia kumbukumbu kwenye laptopu nyingi za mwaka ule, Intel 945, ina njia 32 za anwani. Njia 32 zinatoa anwani 4,294,967,296, yaani GB 4 kamili, hazizidi. Na anwani hizo si za RAM peke yake. Fikiria mtaa wenye namba za nyumba zilizohesabiwa: kadi ya picha inataka namba zake, kadi ya mtandao zake, vifaa vingine zao, na zote zinakatwa kutoka mwisho wa mtaa. RAM inayobaki bila namba ipo, ina umeme, ila hakuna barua inayoweza kuifikia. Prosesa inaweza kuwa ya biti 64, mfumo nao pia, haisaidii; mtaa hauna namba zaidi. Karatasi ziliposema tatu, safari hii, zilikuwa zinasema habari ya mashine.

Yule kijana hakulalamika. Alisema, "Si neno kaka, imeongezeka moja." Afadhali angegomba. Wiki mbili zilizofuata nilimwona mara kadhaa akichelewa kwenda kula, ule uchelewaji ambao kila aliyekaa hosteli anaujua, wa kusubiri njaa za mchana na jioni zikutane zilipwe kwa sahani moja.

Mwingereza W. K. Clifford aliandika mwaka 1877 insha kuhusu maadili ya kuamini, na mfano wake wa kwanza ni mwenye meli. Meli ni kuukuu, ana mashaka nayo, lakini anajisemeza: imekwenda safari nyingi na kurudi salama, itarudi na hii. Anaufukuza wasiwasi mpaka anaamini kwa dhati, anapakia abiria, meli inazama, anachukua fidia ya bima. Clifford anasema ana hatia. Kisha anaongeza jambo ambalo wanafunzi hubishana nalo darasani: hata meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ileile, kwa sababu kosa lilifanyika pale alipojipa imani asiyokuwa na haki nayo. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1976, Bernard Williams na Thomas Nagel walirudi kuuliza kama kweli bahati haina sehemu katika lawama. Mimi kwa jambo hili niko upande wa Clifford, na sipendi kuwa huko, maana ananishika mara mbili. Kwa yule kijana, wazi. Lakini pia kwa X220 yangu: asubuhi ile ya makosa sifuri nilijiona mjanja, wakati nilichokuwa nacho ni neno la fundi na bahati.

Sisi tunaoishi kando ya maji hatuhitaji meli ya Clifford. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, kikiwa kimebeba watu wengi mno kuliko idadi kiliyopaswa kubeba. Zaidi ya watu 200 walikufa. Ninapowasikia wenzangu, au ninapojisikia mwenyewe, tukisema namba zilizoandikwa na waliotengeneza "ni za kuandika tu", huwa nakumbuka Ukara. Najua RAM si kivuko. RAM ikikataa, imekataa, hakuna anayezama. Lakini tabia ya ulimi ni moja, na ulimi hauna pahala pa kujifunzia kutofautisha isipokuwa kwenye mambo madogo.

Hapo ndipo mtengenezaji niliyemkasirikia alipoanza kuonekana mtu wa heshima. Yeye alisema chini ya uwezo wa kitu, kwa kuwa hakukijaribu zaidi. Mimi nilisema juu ya uwezo wa kitu ambacho sikuwa nimekijaribu hata kidogo. Tulikosea neno moja kwa pande mbili, ila kosa lake lilimnyima mtu alichoweza kupata, na langu lilimla mtu alichokuwa nacho. Sijui kama hizo zina uzito sawa. Nikiwa mtu wa Mbagala mwenye mashine "iliyokwisha", ningesema zinakaribiana.

Nilirudi Kariakoo na yule kijana, nikamweleza fundi. Nilitaka pia kumuuliza alijuaje, siku ile, kwamba yangu itakubali.

"Ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe," akasema. "Nikaweka nane-nane kwangu nikatumia miezi. Nilizojaribu zikakataa unazijua? Hujawahi kuniuliza." Akaigeuza laptopu ya kijana, akasoma kibandiko cha chini, akatoa sauti ya meno. "Hii tatu. Hata uipeleke wapi, tatu."

Akachomoa kipande kimoja cha GB 2, akamwuliza kijana kama kile cha zamani cha GB 1 bado anacho. Alikuwa nacho, kwenye mfuko wa begi, kimefungwa kwa karatasi ya daftari. Fundi akakirudisha, mbili na moja, akawasha. Kioo kikaonyesha 3, ileile.

"Kwa hiyo hiki kilikuwa kinakaa bure humo ndani. Nakinunua elfu ishirini."

Kijana akapokea noti mbili. Nami nikatoa elfu kumi niliyokuja nayo, akaiangalia, akasema, "Kaka hiyo ya nini sasa," nikamwambia achukue tu. Akaichukua. Tulipotoka akauliza kama nimekula.

Sikuwa nimekula.