Adabu na Dalili

Huulizwa mara nyingi katika mabaraza yetu: je, ni utovu wa adabu mtu mdogo kumtaka mwanachuoni mkubwa alete dalili ya asemalo? Leo twapenda kulijibu suala hili kwa mlango wa hisabu, maana hisabu haina ukoo wala upande, na hapana atakayetudhania kwamba twampendelea fulani.

Ziko namba zisizogawika sawasawa ila kwa moja na kwa nafsi zao, kama 7 na 13. Waalimu huziita namba tasa. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, mtu wa elimu pana aliyeandikiana barua na wakubwa wa elimu wa Ulaya, alitoa orodha ya namba kubwa za aina hiyo. Mojawapo hupatikana kwa kuandika 2 mara sitini na saba, kuzizidisha zote pamoja, kisha kupunguza 1, nayo ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Akasema ni tasa. Dalili hakuleta.

Neno lake likakaa zaidi ya miaka mia mbili lisipinduliwe. Wala sisi hatumwiti mwongo. Katika orodha ile ile mlikuwa na namba 2,147,483,647, na Euler akathibitisha mwaka 1772 kwamba hiyo ni tasa kweli. Hapa ndipo penye hatari, na twaomba msomaji apatazame vyema: kosa la mjinga halimpotezi mtu mbali, kwani nani amfuataye? Bali kosa la mjuzi huvaa nguo za yale aliyoyapatia, likapita mlangoni pamoja nayo bila kuulizwa. Mwenye kukisia ana ruhusa ya kukisia, lililompasa ni kusema, "Hapa nakisia."

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Edouard Lucas, alithibitisha kwamba namba ile si tasa, ingawa hakuweza kuonyesha yagawika kwa nini. Hilo lilibaki hata Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabu huko New York. Husimuliwa kwamba Frank Nelson Cole aliitwa asome makala yake, akaenda ubaoni kimya, akaandika ile namba ya Mersenne. Pembeni yake akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa mamoja. Akarejea kitini kwake, na watu wakampigia makofi. Hakumtusi aliyemtangulia, wala hakujisifu. Hakutamka hata neno moja. Je, yuko wa kusema kwamba huyu alikosa adabu?

Namba zote mbili tumeziandika hapo juu, na msomaji asitosheke na neno letu. Achukue karatasi azidishe mwenyewe. Akichoka mkono, husimuliwa pia kwamba Cole alipoulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.