Hotuba ya Ijumaa: Mwenye Kutamani Kufa Asiachwe Peke Yake

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu waislamu, mama zetu na dada zetu, leo tunasema juu ya jambo ambalo katika misikiti yetu linasemwa tu siku limekwisha kutokea, tena kwa sauti ya chini. Ni habari ya mtu anayetaka kujiua.

Nianze na kosa langu. Kijana mmoja alinifuata baada ya swala ya alfajiri, wengine wamekwisha kutoka. Akaniambia, "Shehe, nimechoka. Sitaki kufikia Ramadhani." Mimi nikamjibu kwa haraka: nikamtajia moto, nikamtajia adhabu ya mwenye kujiua, na kila nilichosema kimo vitabuni. Akasema, "Ahsante, shehe," akachukua viatu vyake akaenda. Siku tatu sikumwona, wala sikumtafuta. Usiku wa siku ya tatu shangazi yake aliona taa inawaka, akaamka, akaketi naye mpaka asubuhi bila ya kumhubiria, kisha akampeleka hospitali. Yule mama hakusoma chuo, lakini alifanya lililokuwa wajibu wangu. Kijana yu hai, na ameniruhusu niseme haya bila ya kumtaja.

Hukumu tunaijua. Suratun-Nisaa aya ya 29 inatukataza kuziua nafsi zetu. Lakini angalieni aya ileile inaishia wapi: inaishia kwa kutaja rehema ya Allah kwetu. Sisi nusu ya kwanza tunaisoma kwa sauti kubwa, nusu ya pili tunaimeza.

Sasa fungueni Surat Maryam, aya ya 23 na zinazofuata. Bibi Maryam yuko peke yake, uchungu wa uzazi umemfikisha kwenye shina la mtende, na mbele yake kuna maneno ya watu. Hapo alitamani awe alikwisha kufa zamani na kusahauliwa. Huyu ndiye aliyeteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu! Basi nani atathubutu kusema wazo hili linamjia asiye na imani tu? Na jibu lilikuwaje? Hakukaripiwa. Aliitwa kwa upole asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa atikise mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, atulie. Na wenye maswali, siku ile alipewa ruhusa asiseme nao.

Nimekaa na aya hizi muda mrefu tangu alfajiri ile.

Hapa Goma hatukosi wa kuwaangalia. Mji huu umekimbia volkeno ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021, kisha vita vya Januari 2025. Kuna baba aliyezika watoto, kuna dada aliyefanyiwa ubaya na hathubutu kuusema nyumbani, kuna mama aliyepoteza pesa za likelemba za watu na anaogopa kupita avenyu yake. Na kuna mwingine hana deni wala msiba, ila ana ugonjwa wa huzuni ambao unakula usingizi, unakula hamu ya chakula, mpaka anaamini kweli kwamba watu wake watapumzika asipokuwapo. Huyo si mvivu wa dini. Shirika la Afya Duniani limehesabu watu 727,000 waliojiua mwaka 2021 peke yake, na kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Ni watu wa kila dini.

Ukimwona ndugu yako ameacha kulala, anagawa vitu vyake, anaaga watu bila safari, au anasema "mimi ni mzigo kwenu", usipite. Muulize waziwazi: Je, unafikiri kujiua? Wengi tunaogopa kwamba swali litampa wazo. Madaktari wamelichunguza, si hivyo. Mara nyingi mtu anashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku ule. Ondoeni karibu naye sumu, vidonge na silaha, maana saa ile kali huwa inapita, na akivushwa anaweza kupona kabisa. Kisha mpelekeni atibiwe.

Wapi? Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuwa mlango wa kwanza. Kwa magonjwa ya akili, mji wetu una kituo cha Tulizo Letu. Bukavu iko SOSAME, na Kinshasa iko CNPP ya Chuo Kikuu. Najua swali litakalofuata, nimeulizwa hapa uani: "Shehe, Tulizo Letu ni ya watawa wakatoliki, Frères de la Charité. Mwislamu aende?" Aende. Katika Hijra, Mtume (s.a.w.) na Abubakar walimwajiri kiongozi wa njia ambaye hakuwa mwislamu, wakamwamini na ngamia zao na roho zao, kwa kuwa aliijua njia. Na mabedui walipouliza kama wajitibu, Mtume aliwaamuru wajitibu, kwani kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Iko kwa Abu Dawud.

Ruqya ni haki, na mimi nitamsomea yeyote. Lakini kumfunga mtu kamba, kumpiga ili jini litoke, hiyo haina asili katika ruqya ya Mtume. Asomewe, na hospitali aende.

Jambo dogo ambalo limeharibu matibabu ya wengi: vidonge vya huzuni havifanyi kazi siku ya kwanza. Vinachukua wiki mbili hadi nne, au zaidi kidogo, na mgonjwa akiona wiki imepita anavitupa. Asiviache bila daktari. Wiki za mwanzo mumwangalie sana, hasa kijana, na vidonge vitunzwe na mtu mwingine wa nyumba.

Nanyi mliokwisha kuzika mtu wa namna hii, mkaona majirani hawaji kwenye matanga. Katika Sahihi Muslim kuna habari ya mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr, akaugua Madina, akashindwa kuvumilia, akajidhuru akafa. Tufayl alimwona ndotoni amesamehewa kwa ajili ya Hijra yake, ila mikono yake imefunikwa. Mtume alipohadithiwa, aliiombea mikono ile msamaha. Na wanavyuoni walio wengi wamesema mtu huyu anaswaliwa. Tutakuja kuwaswalia wenu, na tutakuja kuketi nanyi.

Baada ya swala, mimi nitabaki karibu na mahali pa udhu. Mwenye kutaka kusindikizwa hospitali Jumatatu aje, hataulizwa mbele ya watu. Wanawake wamwone mama wa darasa la wanawake. Asiye na pesa ya motari wala ya daktari aseme tu, kamati imetenga fungu katika zaka.